Vumbi la Tezo si Vumbi la Grenda

Hotuba kwa mafundi wa mbao, mawe, chokaa na boti, Lamu

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Wazee wetu mafundi, vijana wa karakana, mahamali mlioacha punda zenu pwani, na akina mama mnaofua zile nguo za kazi: karibuni.

Kila tukitaja vumbi, mzee mmoja husimama akasema, "Mimi nimechonga milango miaka arubaini na sijakohoa, hawa vijana ni wazembe tu." Mzee huyo hasemi uongo. Lakini tumtazame mkononi alikuwa na nini. Alikuwa na patasi, randa, keekee na tezo. Chuma chenye makali hukata mbao kikatoa vibanzi, na kibanzi ni kizito, huanguka miguuni. Mjukuu wake leo ana grenda ya diski ya milimita 115 inayozunguka kama mara 11,000 kwa dakika. Hiyo haikati, inasaga. Mbao ni ileile, mlango ni uleule na nakshi ni ileile, ila kinachopanda hewani si kitu kimoja. Kazi imebadilisha vumbi lake, nasi tumebaki na mazoea ya vumbi la zamani.

Jicho la mtu huanza kuona chembe moja moja ikifika kama mikroni 50, na mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Unywele una mikroni 70 hivi. Chembe iliyo chini ya mikroni 10 huvuka pua na koo, na iliyo chini ya 4 hufika kwenye vile vifuko vya mwisho vya mapafu, ambako hakuna kamasi wala kikohozi cha kuitoa. Kwa hiyo vumbi linaloonekana limekaa kwenye nyusi siyo hasa linalodhuru. La hatari ni lile usiloliona, na lina tabia ya kukawia. Chembe ya mawe ya mikroni 5, hewa ikiwa imetulia, huchukua kama dakika 10 kushuka kutoka usoni hadi sakafuni. Ya mikroni 1 huchukua saa kadhaa. Fundi anazima mashine, anavua kitambaa puani, anakaa palepale anywe chai. Hapo ndipo anapolimeza vizuri.

Basi tunalichunguzaje tusiloliona? Kuna njia tatu ambazo hazihitaji maabara.

Ya kwanza ni tochi. Funga madirisha ya karakana au ngojea magharibi. Weka tochi kali nyuma ya mahali pa kazi, imwelekee mtazamaji, kisha kinga mwanga wenyewe kwa kipande cha kadibodi usikupige machoni. Tazama kuelekea kwenye mwanga, si kutoka nyuma yake. Vumbi lililokuwa halionekani litawaka kama moshi. Kila mmoja wenu ameshaliona jambo hili: jua linapopenya tundu la dirisha kwenye nyumba ya giza. Tofauti ni kwamba hapa tunalifanya kwa makusudi, mashine ikiwa inafanya kazi, na tunafuata lile wingu linakwenda wapi. Mara nyingi linakwenda mahali ambapo hakuna aliyelidhania: kwa yule kijana anayepaka vanishi pembeni, au ngazini, hadi chumba cha juu wanakolala watoto.

Ya pili ni Ijumaa. Hapa kwetu watu wengi hupumzika Ijumaa, na siku hiyo ni kipimo cha bure. Muulize fundi: kifua kikibana, hubana siku gani? Ijumaa kinafunguka? Jumamosi jioni kinarudi? Akisafiri Mombasa wiki mbili anakuwaje? Pumu ya kazini ina alama hiyo, inapungua mtu akiwa mbali na kazi. Tahadhari moja: kikohozi na kubana kwa kifua huweza kuja saa nyingi baada ya kazi, hata usiku wa manane, ndiyo maana watu husingizia feni au baridi ya kusi. Ukitaka ushahidi wa kumpelekea daktari, kuna kifaa kidogo cha plastiki cha kupulizia kinachopima nguvu ya pumzi. Fundi apulize mara 4 kwa siku, wiki 3 au 4, siku za kazi na za mapumziko, na aandike kila namba na saa yake. Namba zikishuka siku za kazi na kupanda siku za mapumziko, huo ni ushahidi mzito.

Ya tatu ni kuifuata kazi yenyewe kutoka mwanzo hadi mwisho, hatua kwa hatua, na anayeifanya awe ndiye anayeeleza. Usimuulize tajiri wa karakana, muulize mwenye kushika mashine. Nani anafagia? Mfuko wa saruji nani anaupasua na kwa nini anaupasua kwa koleo badala ya kisu? Diski ikivunjika nani anabadilisha? Ajali na maradhi hujificha kwenye kazi zisizo na jina: kufagia, kusafisha mashine, kubeba taka. Zaidi ya miaka 300 iliyopita, daktari Mtaliano Bernardino Ramazzini aliwafundisha wenzake kuongeza swali moja kwa mgonjwa: unafanya kazi gani? (Malindi wamejaa Wataliano, lakini huyu angekuwa na faida kwetu kuliko mwenye hoteli.) Swali hilo bado halijaulizwa kliniki nyingi. Kwa hiyo mkifika hospitali jisemeeni: mimi ni fundi wa mawe, miaka kumi na mbili, nakata vigae kwa grenda. Na kama mtu anatibiwa kifua mara ya tatu na makohozi yake hayaonyeshi TB, aseme kazi yake kwa sauti zaidi.

Sasa twende kwenye mavumbi yenyewe, kwa sababu si mamoja.

Jiwe letu la matumbawe, lile linalochimbwa Manda, karibu lote ni kalsiamu kabonati. Vumbi lake linawasha macho na koo, lakini silika yake, yaani yale madini yaliyomo kwenye mchanga, ni kidogo. Matatizo yanaanza fundi huyohuyo, kwa grenda ileile, anapokata zege, vigae, au graniti ya jikoni. Graniti ina silika robo yake hivi. Yale mawe ya kaunta yanayoundwa kiwandani huweza kupita asilimia 90. Silika ikiingia vifukoni mwa mapafu huacha makovu, na makovu hayo hayarudi nyuma kwa dawa yoyote. Juu ya hayo, mwenye silika mapafuni hushikwa na TB kwa urahisi kuliko mwenzake. Mtu aliyezoea jiwe la Manda hukata graniti vilevile alivyokata jiwe la Manda. Kosa liko hapo, na ni kosa la kutojua, si la uzembe.

Kinga ya silika ni maji, tena wakati wa kukata, si baada. Nusu lita kwa dakika ikilengwa pale diski inapogusa jiwe inatosha kwa mashine ya mkono. Bomba la mgongoni la lita 20, lile la kunyunyizia mashamba, litakupa dakika 40. Lakini liwe jipya, lisiwe limewahi kutia dawa ya wadudu, maana utakuwa unapulizia sumu usoni pako mwenyewe. Maji ya bahari yanaokoa pesa na yanakula mashine. Na grenda ya kawaida ya umeme haikuundwa kuloweshwa: tafuta mashine iliyotengenezwa kwa kukata na maji, na kwenye waya uweke kile kikata umeme kinachokata mkondo ukivuja miliampia 30. Kama huna vitu hivyo viwili, pasua kigae kwa mashine ya mkono ya kukwaruza na kuvunja. Ni taratibu kidogo na haina vumbi. Kwa vigae vingi vya kawaida, grenda haikuhitajika tangu mwanzo.

Upepo nao mnaujua kuliko mimi, nyinyi watu wa jahazi. Lakini nimewaona wengi wakiupa upepo mgongo wakidhani unapeleka vumbi mbele. Mwili wa mtu hufanya kama ukuta: upepo ukipiga mgongo, mbele ya kifua hewa huzunguka na kurudisha vumbi puani. Weka upepo ubavuni. Na kazi ya vumbi isifanywe kichochoroni. Vichochoro vya mji wa kale vilijengwa kuleta kivuli, havikujengwa kutoa vumbi, na dirisha la madrasa liko hatua nne. Pima na kata pwani, mahali pa wazi, kisha punda alete vipande tayari.

Kwa mbao maji hayafai, hivyo ni kuvuta. Unga wa mbao ngumu uko kwenye orodha ya vitu vinavyojulikana kusababisha saratani, hasa ya pua. Mvule unawasha ngozi na huweza kuleta pumu. Mbambakofi unapigisha chafya hadi machozi. Wengi mmeweka feni ukutani mkaona mmemaliza. Hebu fanyeni jaribio la mshumaa: mtu anaweza kuuzima kwa kupuliza akiwa umbali wa mkono. Sasa ajaribu kuuzima kwa kuvuta pumzi. Atashindwa mpaka aweke mdomo juu yake. Kuvuta hewa ndivyo kulivyo. Bomba la inchi 4 likiwa inchi 4 tu kutoka kwenye mbao, kasi ya hewa imebaki kama sehemu moja kati ya kumi. Kwa hiyo mdomo wa bomba uguse kazi, au ununue mashine ya msasa yenye tundu la kutolea vumbi na uiunganishe moja kwa moja. Kivuta vumbi cha nyumbani hunasa makubwa na kutema madogo nyuma, ambayo ndiyo tuliyokuwa tukiyatafuta. Kinachofaa ni chenye chujio la vumbi laini, na ni kifaa ambacho karakana tatu zinaweza kununua pamoja.

Ufagio mkavu na kompresa ni maadui. Nyunyiza maji, kisha fagia. Kujipuliza nguo kwa kompresa kunarudisha hewani kazi yote ya siku, na hewa hiyo ikipata kidonda inaweza kuingia chini ya ngozi.

Chokaa ni jambo la pekee, nitakaa nalo. Jiwe likichomwa tanuuni kiasi cha nyuzi 900, kila kilo 100 hutoa karibu kilo 44 za hewa ya kaboni na kubakisha kilo 56 za chokaa isiyozimwa. Hewa hiyo ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hutulia mabondeni. Magogo yasiyoungua vizuri hutoa monoksidi ya kaboni, haina harufu, na alama zake ni kichwa kuuma na kichefuchefu. Asilale mtu chini ya upepo wa tanuu, wala ndani ya shimo lililo kando yake, hata kama usiku una baridi na joto lile linavutia. Wakati wa kuzima, chokaa iingie kwenye maji kidogo kidogo. Usimwage maji juu ya rundo la chokaa: sehemu ya juu inachemka kabla ya chini kupata maji, halafu rundo linaruka. Moto wake unafika mchemko. Simama mbali, tumia pipa pana la chuma lisilojaa, na uvae miwani iliyofunika pande zote, si ya jua.

Chokaa ikiingia jichoni, kila dakika ina thamani. Haiwashi tu, inaendelea kupenya ndani kama sabuni inavyopenya mafuta. Osha papo hapo kwa maji safi yaliyo karibu, kope zikiwa wazi, dakika 30. Dumu la lita 20 lenye bomba likitiririka lita moja na nusu kwa dakika litatosha kama dakika 13 tu, kwa hiyo yawe madumu matatu, yamejazwa, yako kwenye kivuli, na hayaguswi kwa kupikia chai. Manda maji matamu ni shida, na ndiyo sababu madumu haya hupotea mapema. Asitiwe ndimu, siki wala maziwa. Chembe zilizobaki chini ya kope zitolewe kwa pamba iliyoloa. Mashua ikielekea hospitali ya King Fahd, kuosha kuendelee njiani. Kwenye ngozi ni kinyume kidogo: chokaa kavu ipangusiwe kwanza, ndipo maji mengi. Na jioni mtu akivua viatu aangalie soksi. Chokaa na saruji yenye maji ndani ya kiatu huchoma polepole bila kuuma, mpaka usiku.

Boti za faiba nazo zimeongezeka. Rezini yake, ile gundi ya maji inayoganda, ina staireni, ambayo hulewesha: fundi anayeimba peke yake ndani ya tumbo la boti saa nane mchana si kwa furaha. Fanyia kazi nje au weka feni inayoingiza hewa safi hadi chini. Hadina, ile dawa ya kuigandisha rezini, ni hatari kwa macho kuliko rezini yenyewe. Kiasi chake ni kama mililita 10 hadi 20 kwa lita moja ya rezini, na kwa joto letu elekea kumi. Kisichosameheka ni kuchanganya hadina moja kwa moja na ile dawa ya zambarau ya kobalti, huripuka. Kobalti ichanganywe na rezini kwanza, hadina baadaye. Na kwa waundaji wa jahazi: matambara yaliyoloa sifa, yale mafuta ya samaki, au mafuta ya linsidi yasirundikwe. Mafuta hayo hupata joto yakikauka, na rundo huwaka lenyewe usiku pasipo kiberiti. Yatandazwe, au yatiwe kwenye debe la maji.

Nimeacha vumbi moja makusudi: asbesto. Mabati yale ya kijivu, ya mawimbi, kwenye baadhi ya majengo ya zamani. Kenya ilipiga marufuku asbesto mwaka 2006. Usilikate, usilitoboe, usilifagie, usilitumie kufunika banda la kuku. Huondolewa na wenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira, basi.

Sasa tuje kwenye barakoa. Kwa nini sikuanzia hapo? Kwa sababu ndiyo ya mwisho kwa nguvu. Kitambaa na barakoa ya hospitali hazizuii vumbi laini. Inayozuia ni yenye alama FFP2, N95 au FFP3, na inafanya kazi ikigandama uso kote. Penye ndevu haigandami. Ndevu ni sunna, hatukuja hapa kuwaambia watu wazinyoe. Kuna kofia yenye pampu ya hewa isiyohitaji kugandama uso, ila bei yake wachache wataiweza. Hii inarudisha hoja palepale: kwa mji wetu, maji kwenye diski, bomba karibu na msasa na kuhamisha kazi mahali pa wazi vinamlinda mwenye ndevu na asiye nazo, pamoja na jirani.

Kelele niseme kwa ufupi. Ukilazimika kupiga kelele ili mtu aliye hatua moja akusikie, umefika desibeli 85 au umezipita. Kanuni za Kenya za 2005 zinaweka mwisho wa wastani wa desibeli 90 kwa saa 8. Kila desibeli 3 zikiongezeka nguvu huwa maradufu, kwa hiyo muda hupungua nusu: kwenye 99 umebakiwa na saa moja. Grenda nyingi ziko hapo.

Na joto la kaskazi, glasi ya maji kila dakika 20. Ramadhani haiwezekani, basi kazi ya tanuu na timbo ianze baada ya swala ya alfajiri ikome kabla ya saa nne asubuhi, au ihamie baada ya tarawehe penye taa za kutosha. Jiwe la inchi 9 kwa 9 kwa 18 lina kilo 40 hivi, na kilo 23 ndizo kikomo katika hali nzuri kabisa ya kunyanyua. Wawili wabebe. Punda tunampangia mzigo, na mwanadamu naye apangiwe.

Matajiri wa karakana, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 haikuanzia kwenye viwanda vikubwa. Kamati ya usalama ndiyo inayohitajika mkiwa wafanyakazi 20 au zaidi. Wajibu wa kumlinda mtu upo hata akiwa mmoja. Sehemu ya kazi isajiliwe. Vifaa vya kujikinga ni bure kwa mfanyakazi, visikatwe kwenye mshahara. Mfanyakazi akiripoti hatari asiyoweza kuiondoa mwenyewe, humrudishi hapo kabla haijaondolewa. Ajali ya kifo afisa wa usalama na afya kazini wa eneo ajulishwe ndani ya saa 24, na taarifa ya maandishi ifuate ndani ya siku 7. Dai la fidia lina miezi 12. Miezi hiyo hupita upesi pale ambapo hakuna kilichoandikwa, kwa hiyo daftari: tarehe, jina la kazi, mashine, nani alikohoa, nani alikatwa, nini kilikaribia kutokea kikakosa. Ajali ikitokea, swali la kwanza lisiwe nani. Ukiuliza nani, kila mtu atanyamaza. Uliza kinga ya diski ilitolewa lini, na ilikuwa inazuia kazi gani hata ikatolewa. Mara nyingi utakuta diski kubwa kuliko mashine, imefungwa kwa nguvu kwa sababu ya kawaida ilikwisha na duka lilikuwa limefungwa.

Akina mama, sikuwasahau. Hapa mezani kuna shati la kazi la fundi mmoja wenu, halijafuliwa tangu jana. Kijana, funga madirisha hayo mawili. Tochi iwekwe nyuma, kadibodi mbele yake. Walio karibu rudini nyuma hatua tatu, wenye pumu tokeni nje kidogo. Sasa likung'ute mara moja tu, kama linavyokung'utwa kabla ya kutiwa kwenye beseni, na nyote mtazame kuelekea kwenye mwanga.